Shamba Nililonunua Mahindi Yakiwa Marefu

Shamba langu la Kitale nililinunua kwa siku moja, mahindi yakiwa yamenipita kichwa. Mke wangu alisema, "Baba Neema, si tungoje wavune kwanza ndio tulione?" Mimi mjuaji nikamjibu, "Ukingoja, mwingine ananunua."

Baada ya mavuno nilitoka Bungoma na mke wangu, wakwe zangu na mchungaji wa kulibariki. Katikati ya mabua tulikuta makaburi matatu, na mama mzee aking'oa magugu juu yake. Alipoona Biblia akaanza kulia.

"Asanteni," alisema. "Tangu niwazike, hakuna mtu amekuja kuwaombea watoto wangu."

Wote walinigeukia. Mke wangu akaninong'onezea, "Baba Neema, toa kofia."