Mpira Mwekundu wa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyumba nne za ukoo wetu pale Sola zilitumia mpira mmoja wa kupigia bomba. Ulikuwa mwekundu, wenye tumbo na ncha ndefu, na msumari wa kuutundikia ulikuwa jikoni kwa bibi, mama yake baba. Mtoto akiumwa tumbo, bibi aliujaza maji ya mizizi, akamlaza mapajani kifudifudi, akamsukumia dawa kwa nyuma. Nami nililala pale mara nyingi, nimebanwa, sina pa kwenda.

Sharti lilikuwa moja: mpira usiguswe na sabuni. Bibi aliamini nguvu za dawa zote zilizopita zimebaki mle ndani, na sabuni ikizitoa, ugonjwa unamgeukia mgonjwa. Basi ulifutwa kwa kitambaa tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa na sabuni zimerudi madukani, na baba alikuwa ameleta mche mzima kutoka Bariadi. Mdogo wangu Masanja, wa miaka miwili, akaanza kuharisha. Bibi akanituma kwa baba mdogo nikachukue mpira. Niliukuta ncha yake imegandiwa na uchafu wa mtu. Nyuma ya nyumba yetu mama alikuwa ameloweka nguo. Nikausugua kwa sabuni mpaka ukang'aa.

Masanja alipigwa bomba asubuhi. Kufika mchana macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Bibi akasema mbele ya watu wote, "Kuna mtu ameuosha huu mpira."

Nikaificha mikono yangu mgongoni. Nilijua nimemuua mdogo wangu.

Baba na mama wakamkimbiza zahanati kwa baiskeli. Mganga akamtundikia dripu huku akimfokea mama: mtoto maji yanamtoka, nanyi mnazidi kumtoa mengine! Masanja akapona. Mimi je? Kwa miaka mingi akikohoa tu, nilisema moyoni ni sabuni yangu hiyo.

Mwaka jana bibi, ambaye sasa ni wa kitandani, alikosa choo siku tano. Daktari akaruhusu apigwe bomba nyumbani, na muuguzi akanifundisha: awe na mpira wake peke yake, uoshwe kwa sabuni, usuuzwe, uchemshwe, maji yawe safi, ya uvuguvugu, bila mizizi, mafuta kidogo kwenye ncha, alale ubavu wa kushoto, nisukume polepole, na akisikia maumivu niache. Nikamlaza, nikanawa mikono. Harufu ya sabuni ikajaa chumbani.

"Bibi," nikasema, "ule mpira niliuosha mimi."

"Najua, ng'wanawane, mwanangu. Ulikuwa unanukia nilipoushika."

"Na bado ukampiga nao bomba Masanja?"

Akajibu ameelekea ukutani. "Alikuwa amelegea sana. Niliona dawa yangu haitamuweza. Nikasema, akifa, heri lawama iende kwa sabuni kuliko kwangu."

Nampenda bibi yangu, na siku ile nilimkasirikia kuliko mtu yeyote. Neno lake moja lingenitosha tangu utotoni, na alilikalia. Kisha nikauona mgongo wake mwembamba, umenigeukia, hauna pa kwenda.

Nikapaka mafuta kwenye ncha, nikamwambia avute pumzi, nikasukuma polepole.