Koti Jekundu la Jenerali

“Hizi medali jenerali alipewa kwa kazi gani?” Fundi Mkongo wa mtaa wa Bertrams, ninayemsaidia kushona, aliuliza akipima koti jekundu kwenye mabega ya mtoto. Mamake, Mkenya, alikuwa amezama kwenye simu, akisoma habari za jenerali wa Kiingereza wa zamani ambaye mwanawe atamwigiza shuleni: alianza na cheo kidogo, akapanda baada ya kila vita, vikiwemo vya kuwapiga Wazulu, akastaafu kwa heshima.

“Mwanangu kapewa nafasi kubwa, jamani!” akanitambia.

Mtoto akanyoosha mkono. “Nikinyoosha upanga hivi, Wazulu wote wanaanguka. Hata rafiki yangu Mzulu tunayekaa naye dawati moja.”

Mama akacheka. Mimi nikaweka mkasi chini. Vyeo vilivyopandwa juu ya maiti, leo tunavipunguza vimtoshe mtoto wa darasa la nne!

“Anti, tafadhali, mpigie mwalimu leo,” nikamwambia mama, “ambadilishie mtoto nafasi.”