Ufunguo Ulibaki Garsen

Kabla ya maradhi nilikuwa kijana wa kujigamba. Miaka ile ya hamsini, Mkoloni angali akitawala, nilikuwa askari wa kituo cha Garsen, Mtaita mrefu, viatu vinang'aa hata kwenye tope la Mto Tana.

Siku moja nilitumwa Ozi kumkamata Shee, mkulima wa mpunga aliyempiga tarishi wa chifu kwa fimbo. Desturi ya kituo chetu ilikuwa hivi: pingu huenda na askari, ufunguo hubaki kituoni, mfungwa asije akamnyang'anya. Nikamfunga, tukapanda mtumbwi, mwenyewe akipiga kafi. Mto ulikuwa umefura.

"Bwana askari, nifungue nisaidie kupiga kafi," Shee akasema. "Mimi mtu wa maji."

"Ufunguo uko Garsen," nikamjibu, tena kwa kiburi.

Kiboko akatupindua. Mwenye mtumbwi alishika tawi. Mimi nilizama mara tatu kumtafuta Shee. Mara ya tatu nikamshika shati, likachanika. Tulimpata kesho yake, pingu bado mikononi.

Nikatoa ripoti, nikarudi kazini. Wiki haikuisha, mikono ikaanza kutetemeka. Kila nilichokula nilitapika. Nilijikuna vifundo vya mikono hadi vikatoa usaha. Asubuhi moja nilijikojolea kwenye gwaride, wenzangu wakacheka. Inspekta akasema, "Woga tu huo," akaniongezea kwata. Nilitamani kufa, na bunduki nilikuwa nayo.

Aliyeniokoa ni Koplo Mutiso, mkuu wa zamu yetu. Alinipeleka kwa dresa wa zahanati, naye akasema, "Damu yake safi. Huyu ameumia pasipofungwa bandeji." Mutiso akaichukua bunduki yangu, na kila mchana akawa ananilisha kwake. "Kula, halafu useme." Nilisema yale yale miezi miwili. Hakunikatiza, wala hakuniambia nijikaze. Mikono ikaanza kutulia.

Mwishowe akanisindikiza Ozi kwa mamake Shee. Nilimweleza yote, hata lile jibu langu. Mama alilia sana. Kisha akasema, "Kukusamehe siwezi, mwanangu. Lakini wenzio walileta maiti na karatasi. Wewe umekuja kunambia."

Namshukuru Mungu, na Mutiso pia. Sikupona kabisa, ila naishi. Nanyi mnaovaa sare, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzenu akirudi ameona kifo, msimdai ripoti tu. Muulizeni yeye yukoje, na msiondoke kabla hajajibu.