Alichosema Koplo Anicet

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo nasikia joto masikioni. Ni siku waliyomhukumu Koplo Anicet hapa Kisangani, wakati wa vita. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye baiskeli na mdomo.

Baiskeli ilikuwa kazi yangu. Wakati ule mafuta yalikuwa hayapatikani na magari yamelala, basi vijana tulifunga viti vya sponji nyuma ya baiskeli tukabeba watu. Toleka, ndivyo tulivyoitwa. Kiti changu kilikuwa na kitambaa chekundu alichokikata dada yangu kwenye pazia la zamani. Mdomo nao, sijui niseme ulikuwa kazi au ugonjwa. Sikuweza kumbeba mtu kutoka Mangobo hadi katikati ya mji bila kumuuliza anatoka wapi, ameona nini, amesikia nini. Nilipenda kujua. Zaidi ya hapo nilipenda kuonekana najua, na tofauti ya mambo hayo mawili sikuwa nimeitambua bado.

Koplo Anicet alikuwa mtu wa fonia, yaani yule askari anayekaa na mashine ya mawasiliano, anapokea amri na kuzifikisha kwa wakubwa. Majuma machache kabla ya hukumu, treni iliyotoka ng'ambo ya mto, Lubunga, kwenda Ubundu, ilishambuliwa msituni. Ilikuwa imebeba askari, na wengi wao hawakurudi. Lakini wachuuzi ambao kila juma walijaza mabehewa yale, siku hiyo hawakuwamo. Wakubwa wakajiuliza kwa nini. Wakaulizauliza mjini mpaka wakamfikia Anicet, wakamshitaki kwa kutoa siri za jeshi.

Kesi ilisikilizwa milango ikiwa imefungwa, ila hukumu waliisoma hadharani, asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Makiso, katikati ya mji. Watu walijaa hadi madirishani. Mimi nilikuwa nje, nimekalia baiskeli, nachungulia juu ya vichwa vya wengine. Anicet alikuwa mwembamba kuliko nilivyomfikiria. Walikuwa wamemvua mkanda, na kwa mkono mmoja aliishikilia suruali isianguke. Jaji akasema miaka kumi na mitano. Kisha mtu mmoja akapiga makofi peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Mwanamke karibu na dirisha akaanza kusali kwa sauti. Nyuma yangu wanaume wawili walianza kubishana hata kabla hawajamtoa Anicet kwa mlango wa nyuma.

Siku hiyo nilipata abiria wengi, na wote walitaka kuzungumzia jambo moja. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria. Alisema askari amekula kiapo, na jeshi ambalo kila mtu anasema anachotaka si jeshi tena. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka la vitambaa. Yeye alisema afadhali wangempa Anicet medali, kwa sababu mke wake yeye alikuwa apande treni ile na sasa yuko nyumbani anakaanga ndizi za makemba. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Tulipokaribia soko ndipo alipofungua mdomo.

"Mutoto wangu alikuwa mu ile treni," akasema. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ule Anicet banamupa miaka kumi na tano, donc basi atatoka. Wangu atatoka wapi?"

Nilipomshusha, nilibaki nimesimama pale barabarani, na hapo ndipo swali liliponiingia. Kila mmoja wa watu hawa alikuwa na Anicet wake. Mmoja alimwona msaliti, mwingine mkombozi, wa tatu muuaji. Lakini je, alisema nini hasa? Alimwambia nani, kwa maneno gani? Katika wote watatu hakuna aliyeyataja, na abiria wa jioni nilipowauliza, hakuna aliyejua. Walikuwa na hakika kabisa juu ya mtu ambaye maneno yake hawakuyasikia. Jambo hilo lilinishangaza sana, mwanangu, nikajiona mwerevu kwa kuligundua.

Kesho yake nikavuka mto kwa mtumbwi, mimi na baiskeli yangu, kwenda Lubunga kumtafuta dada yake Anicet, ambaye watu walisema alihojiwa katika kesi. Aliitwa Mama Feza, mchuuzi wa samaki wa kukausha, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Nilimkuta kwa nyumba yake, amekaa kwenye kibao mbele ya moshi, anageuza samaki mmoja mmoja kwa vidole. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamsalimu, nikamwambia pole kwa yaliyompata mdogo wake. Kisha nikamuuliza, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, ndugu yake alisema nini.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Ninataka tu kujua."

"Kujua itakusaidia nini?"

Nilisema sijui. Nadhani jibu hilo lilimfanya aniamini, maana waliotumwa huwa na sababu nzuri zaidi. Akaanza kunieleza bila kuacha kazi yake. Anicet alikuja kumtembelea Jumapili, akala mboga ya pondu, akacheka na watoto. Alipokuwa anaaga, akiwa tayari mlangoni, alimwita yaya, yaani dada mkubwa, akasema neno moja tu: "Yaya, siku ya tatu usipande treni." Siku ya tatu kwetu ndiyo Jumatano. Hakusema kwa nini, na dada hakuuliza. Hakusema askari, hakusema risasi, hakusema vita.

Mama Feza hakumwambia mtu isipokuwa mwenzake wa biashara, Mama Asina, ambaye alikuwa amekwisha kufunga mizigo ya safari. Angemwachaje? Asina akavuka mto kurudi kwake Mangobo. Wachunguzi walipokuja kuwahoji, wanawake hao wawili walisema maneno yale yale: usipande treni, basi. Lakini wachunguzi walikataa. Walisema mji mzima unajua koplo alitangaza kwamba treni itabeba askari, watu wa sokoni wote wamesikia hivyo, nyinyi mnamficha. Na hilo ndilo lililoandikwa, na kwa hilo alifungwa miaka kumi na mitano.

"Miye najiuliza kila siku," akasema Mama Feza, "ile neno ya askari ilitoka wapi. Asina anaapa hakusema. Anasema aliambia tu kijana mumoja wa toleka aliyemubeba kutoka ku beach, kule mitumbwi inafika. Toleka ya kiti nyekundu."

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta wake, hatua tatu kutoka alipokaa.

Mwanangu, nilikumbuka yote kwa mara moja. Mama yule na mizigo yake miwili iliyonuka moshi. Sauti yake akisema treni ya siku ya tatu si nzuri. Na mimi, nilipomshusha, nikarudi kwa wenzangu tulipokuwa tukingojea abiria, nikawaambia wasikilize habari. Nilisema treni ya siku ya tatu ina jambo. Mmoja akauliza jambo gani. Sikujua. Lakini mtu aliyeleta habari hawezi kusema hajui, basi nikasema itabeba askari. Nilikisia. Niliiongeza kama mtu anavyoongeza chumvi, nikairudia siku nzima kwa kila aliyepanda, na kila nilipoirudia nilizidi kuiamini. Ilitokea kuwa kweli. Hilo ndilo lililoifanya iwe mbaya zaidi, maana kisio langu lilionekana siri iliyovuja.

Mama Feza alifuata macho yangu mpaka kwenye kiti. Aliacha samaki.

"Ni weye ndjo uliongeza askari?"

"Ni miye, mama."

Nilidhani atapiga kelele au ataita majirani. Alinitazama kama mtu anayejaribu kuelewa kitu kigeni alichookota njiani. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu nakusimulia leo.

"Umevuka mto kuuliza ndugu yangu alisema nini. Ulikuwa na kinywa ya kuuliza. Mbona hukuuliza Asina siku ile, kabla ya kuongeza?"

Hakunitukana, na hakunisamehe pia. Alinipa jina la avoka, wakili wa ndugu yake, akageukia samaki wake.

Nisikudanganye kwamba nilienda siku ile ile. Nilizunguka na baiskeli siku mbili, silali vizuri, nikitafuta sababu ya kutokwenda, na sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri: ilikuwa vita, watu walipotea kwa makosa madogo kuliko langu. Siku iliyofuata nikaenda. Avoka, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza, akaandika, akaniuliza mara mbili kama naelewa ninachofanya. Nilifungwa majuma matano nikihojiwa. Walinipiga, sitakuficha, lakini walichotaka kujua hatimaye walikijua: kwamba sikutumwa na mtu, na nilikuwa mpumbavu tu. Mahakama ya juu ilipoisikiliza kesi upya, Anicet alibakiziwa kosa la kumwonya dada yake tu, na miaka kumi na mitano ikawa minne.

Kama maneno yangu ndiyo yaliyowafikia wale walioivizia treni, sijui mpaka leo. Pengine walikuwa na watu wao. Pengine hapana. Nimeuliza watu wengi, na swali hili halijapata mtu wa kulijibu. Na yule mama wa kitambaa cheusi sikumwendea. Nilijua mtaa wake. Niliwahi kufika mpaka kona ya nyumba yake, nikarudi. Hilo sikulifanya, na sasa amekwisha kufa.

Anicet alipotoka, alinitafuta yeye mwenyewe. Tulikaa kwa binti mmoja aliyeuza chai, naye Anicet akakoroga sukari. Nilingoja hasira. Badala yake akaniuliza, kwa udadisi wa kweli, nilijuaje kwamba ni askari. Nikamwambia sikujua. Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena, akanywa chai yake, akaondoka. Hatukuwa marafiki, lakini tukikutana njiani tulisalimiana.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ninakuona na simu yako, mtu akihukumiwa tu, kabla ya jua kutua kila mmoja wenu ana neno la kusema: huyu auawe, huyu ni shujaa. Sikukatazi kutaka kujua. Kutaka kujua ni kitu kizuri, na kama ningekuwa nacho cha kutosha siku ile, Anicet asingefungwa kwa neno langu. Ninachokuomba ni kwamba usiache kuuliza pale tu habari inapokuwa tayari kusimuliwa. Uliza hatua moja zaidi. Nani alisikia kwa masikio yake? Alisema hivyo hivyo, au mtu ameongeza? Na mahali usipojua, sema sijui, hata kama wote wamekukodolea macho wakisubiri. Aibu ya kusema sijui hupita kabla ya chakula cha jioni. Na ukigundua kwamba umeongeza, rudi ukaseme, na uende kwa wote wanaokudai ukweli, usirudi nyuma ukifika kwenye kona kama mimi.

Mungu akupe masikio yanayosikia neno lilivyo, na akupe moyo wa kulirudisha lilikotoka bila kulizidisha. Akulinde njiani na mtoni, na watu watakaotaja jina lako siku usiyokuwapo, wataje yale tu uliyoyasema.