Mzee Hageuki

Mtoto aliitwa Mzee tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu alikuja duniani na mikunjo ya paji la uso kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Jina alilitoa mama yake mwenyewe, huku akicheka. Wiki haikwisha, mama huyo akashikwa na homa ya uzazi, akafariki. Baba mtu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo huku kesho kule. Basi Mzee akaangukia mikononi mwa mama yake mdogo, fundi cherehani asiye na mume wala mtoto, na hakuna aliyemuuliza kama ataweza.

Fundi hakulia msibani. Watu walisubiri alie, wakachoka, wakaenda zao. Alimlea Mzee kama alivyoshona nguo, kwa vipimo. Chupa zilichemshwa, chanjo haikupita hata moja. Mtoto alipotimiza miezi sita akaanza kumpa viazi na karoti zilizopondwa laini, na Mzee akavitema vyote kwa adabu kubwa, mpaka siku alipoamua kuvimeza. Alinawiri. Majirani wakasema, kweli mama mdogo ni mama.

Ila fundi alikuwa hamtazami usoni. Mzee alikuwa na macho ya marehemu, utadhani yamebanduliwa kule yakabandikwa huku. Kwa hiyo alimlisha akitazama kijiko, alimwogesha akitazama maji, na akiwa kazini alimlaza kapuni nyuma yake, akampa mgongo.

Cherehani yake ilikuwa kuukuu, kelele zake zilifika barabarani. Mzee alilala fofofo. Wateja walimsifu: mtoto mtulivu, hana makuu. Wa kwanza kuacha kusifu alikuwa bibi yake, yaani mama wa fundi. Siku moja mfuniko wa sufuria ulimponyoka ukaanguka sakafuni. Paka aliruka, fundi alishtuka, Mzee akaendelea kuchezea vidole vya miguu yake. Bibi akauokota mfuniko, akaugonga makusudi nyuma ya kisogo cha mtoto. Hakugeuka.

"Mwanangu," bibi akasema, "huyu husema ba-ba, da-da?"

Fundi alifikiri. "Alikuwa anasema. Akaacha."

"Na wewe ukaona sawa?"

Fundi alikuwa ameona sawa. Alidhani mtoto naye amechoka kusema, kama yeye.

Wakampeleka kliniki, na kliniki ikawapeleka hospitali kubwa. Mzee alipimwa masikio kwa mashine akiwa usingizini. Daktari akawaeleza taratibu kwamba masikio yote mawili yanasikia kidogo mno. Zile sauti za mwanzo kila mtoto huzitoa, hata asiyesikia, lakini asipojisikia mwenyewe huziacha. Atapatiwa vifaa vya kusikia, vitamsaidia kiasi. Hawajachelewa, ila wasingoje vifaa ndipo waanze kuongea naye.

Bibi alilia pale koridoni mpaka kanga ikalowa. Fundi alishika mkoba wa nepi, akauliza warudi lini. Aliungoja moyo umuume, haukumuuma. Aliona tu kwamba vigae vya sakafu vinahitaji kupigwa deki.

Muuguzi wa masikio, mama mtu mzima, ndiye aliyemwita pembeni.

"Ukiongea na mtoto, mnatazamana?"

"Hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Ana macho ya dada yangu."

Muuguzi hakumpa pole. Alimchukua Mzee, akamkalisha kwenye magoti ya fundi, uso kwa uso. "Huyu atasikia kwa macho hayo hayo," akasema. "Hana mengine."

Walipofika nyumbani, fundi alilihamisha kapu, akaliweka mbele ya cherehani. Siku ya kwanza alimtazama mtoto kidogo, akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Kesho yake akamtazama tena. Akajifunza kupiga meza kwa kiganja kabla ya kumsogelea, ili mtoto ahisi mtikisiko asishtuke. Akajifunza ishara za mikono: kula, kulala, imekwisha. Alikuwa akimwambia habari za vifungo na zipu mbovu, midomo ikienda polepole, na Mzee akimkodolea macho kama hakimu. Vifaa vilipokuja, Mzee alivichomoa akavitafuna, hivyo fundi akamshonea kofia ya kuvishikilia. Akiwa navyo aligeukia mlango ukibamizwa. Akiitwa, hakugeuka.

Siku dereva alipopata likizo, alimkuta mwanawe amekaa mwenyewe mkekani bila kuegemezwa. Akasimama mlangoni, akamwita kwa nyuma. Akamwita tena.

"Zunguka mbele, shemeji," fundi akamwambia. "Akuone."

Dereva akazunguka, akapiga magoti. Mzee akamkagua kwa ile mikunjo yake, kisha akainua mkono, akawa anafumba ngumi na kuifumbua.

"Anasemaje?"

"Anataka maziwa," fundi akasema, akainuka kwenda kuyapasha.