Mkebe wa Kitale

Nikipitisha mkono kwenye kichaka cha rozmeri mlangoni pangu, harufu yake hunirudisha asubuhi ile lori lilipokuja kutuhamisha kutoka Kitale. Baba alikuwa mchungaji, na kwetu Methodisti mchungaji akitumwa Bungoma habishi. Washirika waliimba wakipakia vitanda vyetu. Mama alikuwa nyuma ya kanisa, aking'oa rozmeri aliyoipanda juu ya kaburi la mdogo wangu.

“Mama watoto, si hata Bungoma kuna maua?” Baba alimuuliza.

“Yapo. Lakini mtoto anabaki.”

Akajaza udongo wa kaburini kwenye mkebe, akashindilia mche ndani, akaupakata garini.

Njiani nilisinzia, nikataka kulalia mapaja yake. Akanisukuma taratibu.

“Wacha. Mtoto amelala.”