Alama Nilizozisogeza

Nilisomea uchoraji ramani, nikaishia kununua nguo za biashara Guangzhou, China. Chumba changu kilikuwa mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushonea suruali. Jumapili nikitoka ibadani, cherehani zikinguruma chini yangu, nilifanya kibarua cha mtandaoni: ramani ya watu wa Zama za Mawe walioishi kaskazini mwa Ulaya. Mtafiti wa huko, mama mtu mzima, alinitumia vipimo. Nyumba niziwekee alama nyekundu, makaburi nyeusi. Nyumba zenyewe hazipo tena; udongoni yamebaki madoa ya mashimo ya nguzo tu.

Alama zilipandana. Mimi napenda kazi safi, basi nikazisogeza nyeusi pembeni, kidogo kidogo, mpaka kila moja ikaonekana. Nikajisifu kabisa.

Wiki hiyohiyo mama yetu alifariki, kwetu Kilimanjaro. Mdogo wangu alinipigia nikiwa dukani nabishana bei ya vitambaa na laoban, mwenye duka. Mama alitaka alazwe kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye migomba, ubavuni kwa baba, kama tunavyozikana sisi. Lakini kihamba kilikuwa kinauzwa, na mimi ndiye niliyeshikilia kiuzwe. Mnunuzi alikubali kuvumilia kaburi moja la zamani; jipya lingemkimbiza.

"Mzikeni makaburi ya mjini," nikasema, nikarudi kwenye bei yangu. Mazishi niliyatazama kwenye simu.

Miezi miwili baadaye yule mtafiti alinirudishia ramani. Hakufoka. Aliuliza tu kwa nini nimewahamisha wafu. Watu wale, aliandika, walizika jirani kabisa na kuta zao, na hilo ndilo alilotaka ramani ionyeshe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mtoto wa kihambani mzima, nafundishwa jambo hilo na Mzungu!

Alama zote nilizirudisha mchana mmoja. Kisha nikampigia mdogo wangu, nikamwuliza kama tunaweza kumhamishia mama kwa baba.

"Kaka, wenye shamba wameshajenga ukuta," alisema. "Hata kwa baba siku hizi tunaomba ruhusa kuingia."

Nilimwambia najuta.

"Mama aliniuliza hospitalini kama umekubali azikwe kwa baba," akasema. "Nilimwambia umekubali. Alifurahi sana, kaka."